Delamere alitoka wapi? Jumba la Vale Royal, wenyewe wake, na shamba lililofika hadi Njoro

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru, jina Delamere unalijua. Umeliona kwenye kikombe cha maziwa, umeliona pale Naivasha ambapo abiria hushuka kunyoosha miguu na kununua kitu cha kutafuna. Ukimuuliza mwenzako wa kiti cha kando Delamere alikuwa nani, atakwambia, "Si ni mzungu fulani wa kitambo, alikuwa na mashamba mob." Hapo stori inaisha.

Haifai kuisha hapo, kwa sababu huyo mzungu wa kitambo alikuwa na kwao. Kwao ni jumba linaloitwa Vale Royal, kaunti ya Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mji wa Northwich. Jumba hilo limepita kwa mikono ya mfalme, watawa, mnunuzi wa mali ya kanisa, mama mjane asiyeogopa mahakama, mabaroni, kampuni ya kemikali na sasa wacheza gofu. Na ukifuata historia yake polepole utagundua kitu: mambo ya ardhi ambayo sisi hupigania hapa Bonde la Ufa, watu wa Cheshire waliyapigania pale pale chini ya Vale Royal, karibu miaka 700 iliyopita. Na wao pia walishindwa.

Wacha tuanze mwanzo.

Ahadi ya mfalme

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Edward, kabla hajawa mfalme, alikuwa baharini meli ikashikwa na dhoruba. Akaomba, akaahidi kwamba akifika nchi kavu atajenga monasteri kwa heshima ya Bikira Maria. Akafika. Baadaye akawa Mfalme Edward wa Kwanza, na mwaka wa 1277 akaenda Cheshire na malkia wake, Eleanor, kuweka jiwe la msingi. Mahali hapo pakaitwa Vale Royal, yaani Bonde la Kifalme.

Mpango ulikuwa mkubwa. Watawa wa shirika la Citeaux, ambalo asili yake ni Ufaransa, wangepewa kanisa kubwa kuliko lolote la shirika lao nchini Uingereza. Lakini unajua miradi ya serikali. Edward alikuwa na vita kule Wales na ngome za kujenga, na pesa zikaanza kuelekea huko. Kufikia 1290 mfalme alikuwa ameuacha mradi. Watawa wakabaki na jengo nusu, madeni, na kazi ya kulimaliza wenyewe. Halafu mwaka wa 1359 dhoruba nyingine ikaja, safari hii ya nchi kavu, ikaangusha sehemu kubwa ya kanisa ambalo hata halikuwa limekamilika.

Pesa za mfalme zilikatika, lakini kitu kimoja alichowapa watawa hakikurudi: ardhi. Na ardhi hiyo ilikuwa na watu.

Wakulima wa Darnhall

Karibu na Vale Royal kuna vijiji vinavyoitwa Darnhall na Over. Watu wa huko walikuwa wakilima tangu zamani kabla ya mtawa yeyote kufika. Siku moja wakaamka wakaambiwa bwana wao mpya ni abati, yule mkuu wa monasteri. Abati naye akawaambia kwamba wao si watu huru, wao ni watwana: watu wanaoenda pamoja na shamba kama vile miti na mawe.

Maana yake ni nini? Nafaka yako usiisage popote ila kwenye kinu cha monasteri, na kwa kusaga unalipa. Ukitaka kuoza binti yako, unalipa kwanza. Ukifa, bwana ana haki yake katika mali uliyoacha. Na ukienda kulalamika, mahakama ya kwanza unayokutana nayo ni ya abati huyo huyo.

Wakulima wakasema hapana, sisi ni watu huru. Na hawakusema chini ya maji. Katika miaka ya 1320 na 1330 walikataa kazi, wakachanga pesa, wakatuma wawakilishi kwa mfalme zaidi ya mara moja. Hebu fikiria hiyo safari: huna gari, huna barabara ya maana, unatembea mamia ya kilomita kumtafuta mfalme ambaye hakai mahali pamoja, mkononi una malalamiko ya kijiji kizima. Wengine walifungwa. Wakitoka, wanaanza tena.

Mwaka wa 1336 mambo yakalipuka. Kundi la wakulima lilimvizia abati njiani huko Rutland, mbali kabisa na nyumbani, alipokuwa akitoka kumwona mfalme. Pakazuka mapigano na mtu mmoja wa abati akauawa. Mwishowe monasteri ikashinda. Wakulima wakalazimishwa kukubali kwamba wao ni watwana, na watawa wakaandika kila kitu kwenye vitabu vyao. Ndiyo sababu tunajua: hadithi ya wakulima hao imetufikia kupitia kalamu ya waliowashinda.

Kumbuka hao watu wa Darnhall. Tutawahitaji tukifika Njoro.

Kanisa linauzwa

Miaka 200 hivi baadaye upepo ukageuka. Henry wa Nane aligombana na Papa, akavunja uhusiano na Roma, kisha akafunga monasteri zote nchini na kuchukua mali. Vale Royal ilifungwa mwaka wa 1538. Mwanamume anayeitwa Thomas Holcroft, mtu wa mfalme aliyejua fursa ikibisha mlango, ndiye aliyetumwa kuishughulikia, na ndiye aliyeishia kuinunua.

Holcroft alibomoa kanisa. Lile jengo lililoahidiwa baharini, lililomaliza pesa za mfalme na nguvu za watawa, likawa mawe. Alichobakisha ni sehemu ya makazi ya watawa, akaigeuza nyumba yake. Kwa hivyo jumba unaloliona leo limekaa juu ya mifupa ya monasteri, na baadhi ya kuta zake ni za watawa.

Wale waliolima wakapata bwana mpya. Hakuna aliyewaita mkutanoni kuwauliza maoni.

Mama Mary na mfalme

Mwaka wa 1616 hivi jumba lilinunuliwa na mwanamke: Lady Mary Cholmondeley. Kabla hatujaenda mbali, hilo jina limeandikwa hivyo lakini linasomwa "Chamli". Usiulize herufi zingine zilienda wapi, Waingereza wenyewe hawajui.

Mary alikuwa mjane na alikuwa moto. Babake alipofariki, amu yake alidai urithi unapaswa kumwendea yeye kwa sababu ni mwanamume. Mary akampeleka kortini na kesi ikaendelea kwa miaka zaidi ya 40. Wengi wetu tungechoka mwaka wa pili. Mfalme James wa Kwanza alipotembelea Vale Royal mwaka wa 1617 na kukaribishwa na mama huyu, inasemekana ndiye aliyempa lile jina lililomkaa: mwanamke jasiri wa Cheshire. Mfalme akataka kuwainua wanawe wakahudumu kwake. Mama akashukuru, akakataa.

Mary alikuwa ananunua nyumba kwa ajili ya kizazi. Vale Royal ilimwendea mwanawe Thomas Cholmondeley, na kutoka kwa Thomas huyo ukoo ulikaa pale zaidi ya miaka 300. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 viliwakuta upande wa mfalme, wapinzani wakaja wakapora nyumba na kuchoma upande mmoja. Wakajenga upya. Vizazi vilivyofuata viliongeza kumbi, madirisha, ngazi, kila mmoja akiweka alama yake kama watu wanavyoongeza vyumba kwenye ploti.

Mwaka wa 1821 Thomas Cholmondeley mwingine, aliyekuwa mbunge wa Cheshire kwa miaka mingi, alipewa ubaroni. Akajiita Baron Delamere, jina la msitu ulio karibu na Vale Royal. Asili yake ni Kifaransa cha zamani na maana yake ni kama "wa ziwani", kwa sababu msitu ule ulikuwa na maziwa madogo mengi. Weka hiyo akilini pia, kwa sababu ziwa lingine linakuja.

Kijana wa miaka 17

Hugh Cholmondeley alizaliwa mwaka wa 1870. Babake alifariki 1887, na Hugh akawa Baron wa tatu akiwa na umri wa miaka 17. Akarithi jumba na takriban ekari 7,000 za Cheshire. Katika umri ambao wengi wetu tulikuwa tunangoja matokeo ya KCSE, huyu alikuwa na wapangaji.

Lakini Vale Royal ilimboesha. Alichotaka ni kuwinda. Kuanzia 1891 alikuwa akienda Somalia kuwinda simba, na mwaka wa 1894 simba akamgeuzia kibao. Aliyemwokoa ni msaidizi wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia simba yule kwa mikono mitupu hadi Delamere akapata bunduki. Delamere alitembea akichechemea maisha yake yote. Mitaa na shule zilipata jina la Delamere. Abdullah Ashur, mimi sijaona hata kichochoro.

Mwishoni mwa 1896 alianza safari ndefu kutoka Berbera akielekea kusini, na 1897 akafika nyanda za juu za Kenya. Baridi, nyasi, maji, kijani kibichi hadi jicho linachoka. Alirudi Uingereza, akaoa Lady Florence Cole mwaka wa 1899, akajaribu kuishi maisha ya lodi wa Cheshire. Haikuwezekana. Miaka michache baadaye wawili hao walikuwa wamehamia huku.

Ekari 100,000

Mwaka wa 1903 Delamere aliomba serikali ya kikoloni ardhi. Ombi la kwanza likakataliwa, kwamba mahali hapo ni mbali mno. La pili likakataliwa, kwamba litaleta mgogoro na Wamaasai. La tatu likapita: ekari 100,000 kule Njoro, mkataba wa miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza.

Linganisha. Familia yake ilikaa karibu miaka 300 Cheshire na ikawa na ekari 7,000. Huku, sahihi moja ikampa zaidi ya mara 14 ya hizo. Miaka michache tu baadaye akaongeza nyingine zaidi ya 50,000 kando ya Ziwa Elmenteita, akaliita shamba hilo Soysambu. Delamere, "wa ziwani", akapata ziwa lake.

Pesa zilitoka wapi? Zilitoka Vale Royal. Aliweka rehani mali ya Cheshire ili kulipia majaribio ya Njoro, na majaribio mengi yalifeli. Kondoo walikufa, ng'ombe wakakufa. Nyasi za Njoro zilikosa madini, jambo ambalo Wamaasai walilijua, ndiyo maana hawakupenda kulisha pale. Akahamia ngano, ikashikwa na kutu. Akaendelea kutafuta mbegu inayostahimili hadi akapata nafuu, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga. Jina lake? Unga Limited. Ndiyo, hiyo hiyo. Mrithi wa nyumba ambayo wakati mmoja ililazimisha wakulima wasage kwenye kinu chake alikuja Kenya akaanzisha kinu.

Sasa, ardhi hiyo ya Bonde la Ufa haikuwa tupu. Mwaka wa 1904, mwaka mmoja tu baada ya mkataba wa Njoro, Waingereza walitia sahihi makubaliano na laibon Olonana. Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, wengine Laikipia, wengine kusini, wakiahidiwa kwamba maeneo hayo ni yao daima. "Daima" ikadumu miaka saba. Mwaka wa 1911 walitakiwa watoke Laikipia pia, kwa sababu walowezi walikuwa wameipenda.

Wamaasai wakafanya kile wakulima wa Darnhall walifanya: wakaenda kortini. Kesi ya Ole Njogo ya mwaka wa 1913 ni mojawapo ya kesi za kwanza kubwa za ardhi katika historia yetu. Na jibu la korti? Ati makubaliano yale ni mkataba kati ya Taji la Uingereza na taifa lingine, kwa hivyo korti haina mamlaka ya kuyaangalia. Yaani walipotaka kuhamishwa walikuwa raia wa kutii amri, walipotaka haki wakawa wageni.

Darnhall waliambiwa hawana kesi kwa sababu si watu huru. Wamaasai wakaambiwa hawana kesi kwa sababu ni taifa huru. Sababu zinapingana kabisa, lakini aliyebaki na shamba ni yule yule mwenye karatasi.

Tusidanganyane pia kwamba Delamere alikuwa mtu wa kuelezeka kwa neno moja. Alijifunza lugha ya Wamaasai, akakaa nao, akawasifu waziwazi. Wakati huo huo ndiye aliyekuwa kiongozi wa walowezi walioshinikiza nyanda za juu ziwe za wazungu pekee. Mwaka wa 1915 sheria ya ardhi ikabadilishwa, mikataba ya miaka 99 ikaruhusiwa kufika 999. Hebu hesabu. Miaka 999 nyuma kutoka hapo, Vale Royal haikuwepo hata kwa ndoto.

Deni, na jumba tupu

Delamere alifariki Novemba 1931 akiwa na miaka 61 na deni la benki la pauni 500,000. Alizikwa Soysambu, si Cheshire. Walimjengea sanamu Nairobi kwenye barabara iliyoitwa Delamere Avenue. Baada ya uhuru barabara ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikahamishiwa Soysambu, inakokaa hadi leo.

Na Vale Royal? Mwenyewe akiwa Kenya, ilikodishwa kwa tajiri wa viwanda kutoka Manchester kuanzia 1907. Baadaye mwanawe, Baron wa nne, akaishi pale kidogo, kisha vita vya pili vya dunia vikaja na jumba likachukuliwa kwa matumizi ya wagonjwa. Mwaka wa 1947 likauzwa kwa ICI, kampuni ya kemikali. ICI ndiyo wanasayansi wake waligundua plastiki ya polithini mwaka wa 1933 kwenye maabara yao pale pale karibu na Northwich. Kwa hivyo zile karatasi za plastiki tulizopigwa marufuku hapa 2017 zina undugu na jirani za Vale Royal. Dunia ni ndogo.

Cheshire na Bonde la Ufa zimeunganishwa kuliko tunavyodhani. Lord Egerton, aliyejenga kasri kule Njoro na kuanzisha shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, kwao ni Tatton Park, Cheshire. Sir Jock Broughton, aliyeshtakiwa na kuachiliwa katika mauaji ya Lord Erroll huko Karen mwaka wa 1941, kwao ni Doddington, Cheshire. Mkewe wa wakati huo, Diana, aliolewa na Baron wa nne wa Delamere mwaka wa 1955. Majumba yale yalikuwa yakipata madeni kule na mashamba huku.

ICI ilipoondoka jumba lilikaa tupu, likapitia mikono mingine, na mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa klabu ya gofu. Unalipa, unapiga mpira juu ya nyasi ambapo kanisa la mfalme lilikuwa.

Jina lilibaki huku

Kule Cheshire jina limekuwa historia. Huku bado ni habari. Soysambu sasa ni hifadhi ya wanyama ya takriban ekari 48,000, na Elmenteita imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Lakini wengi wa rika langu walilisikia jina hilo kwanza kwenye habari za saa moja. Kitukuu wa yule Delamere wa Njoro, Thomas Cholmondeley, jina lile lile la yule wa kwanza wa Vale Royal, alishtakiwa baada ya kumuua kwa risasi afisa wa KWS shambani mwaka wa 2005. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi na watu wakaandamana. Mwaka uliofuata mkata mawe aliyeingia shambani naye akauawa kwa risasi. Mwaka wa 2009 Cholmondeley alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Alifariki 2016.

Miezi minane. Watu walihesabu hiyo miezi kwa vidole, wakaiweka kando ya ekari zile, kila mtu akafanya hesabu yake.

Mtu atasema, hiyo ni historia, tusonge. Sawa, tusonge, lakini tusome karatasi tukisonga. Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya mkataba wa miaka 99, na ile mikataba yao ya 999 ikashushwa hadi 99. Ukianza kuhesabu kutoka 2010, unafika 2109. Mimi na wewe hatutakuwepo. Watakuwepo wajukuu wetu na watoto wao, na siku hiyo mtu ataleta faili, mwingine ataleta wakili, na mtu mwingine atasimama nyuma ya chumba akisema babu zake walikuwa hapa kabla ya faili.

Watu wa Darnhall walitembea mamia ya kilomita na maneno midomoni tu, na walioandika historia yao ni watawa. Kwa hivyo ukienda ushago wikendi hii, keti na shosho au guka na uwashe simu urekodi: tulikuwa tunakaa wapi, nani alituhamisha, mwaka gani, karatasi iko wapi. Andika tarehe. Weka nakala mbili.